Ek shapar

Mwaka 2013, siku yangu ya nne Deira, Dubai, nilikuwa nauza kwenye bakala, yale maduka madogo ya vyakula yaliyojaa mitaani kule. Tajiri alinichukua kwa sababu nilimwambia Kiingereza nakijua. Na kweli nilikijua: cha shule, cha kuandikia insha.

Jioni akaingia mzee wa Kipakistani. Akachukua unga wa ngano, dengu na vitunguu kilo mbili, akalipa, kisha akabaki amesimama.

"Bhai, ek shapar."

Bhai nilishalijua, ndugu. Ek ni moja. Shapar nikaona ni shopper, yaani mnunuzi. Nipe mnunuzi mmoja? Nyuma yake palikuwa na dada wa Kifilipino anayengoja zamu; nikamwonyesha mzee kwa adabu zote. Dada wa watu akarudi hatua moja.

"Shapar, shapar!" Mzee akatanua mikono hewani kama anayefungua kitu. Nami nikamfahamisha kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba shopper ni yeye mwenyewe. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Nikiikumbuka hadi leo uso unaniwaka.

Mwenzangu wa Kerala, India, aliyekuwa anapanga maziwa kwenye friji, akapaza sauti: "Kavar! Anataka kavar!" Hapo nikapotea kabisa, maana kava ninayoijua mimi ni ya daftari. Akaja mwenyewe, akapeleka mkono chini ya meza, akachomoa mfuko wa plastiki.

"Aaa, rambo!" nikasema.

Wakanitazama wote wawili. Rambo walimjua, yule wa bunduki na kitambaa kichwani. Ikabidi nieleze kwamba kwetu Tanga mtu akinunua nyanya anaomba rambo, na kwamba, kwa nilivyosimuliwa, mifuko ya mwanzo ilichapwa picha ya huyo huyo. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana asiyejua Kiingereza ni mimi.

Mzee akaomba kalamu, akaandika kwenye boksi la biskuti: شاپر. Akasema kwao Pakistani ndivyo wanavyouita mfuko wa dukani, na kila mtu anaelewa. Shini, alifu na re nilizijua tangu chuoni. Ile ya tatu ilikuwa na nukta tatu chini. Kiarabu hakina p, lakini herufi hiyo niliwahi kuiona kwenye barua za babu, alizoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

"Pe," nikasema.

"Shabash!" akajibu mzee. Hilo halikuhitaji mkalimani, bibi yangu alikuwa nalo mdomoni kila siku.

(Miaka baadaye nikakuta kwenye kamusi kwamba hata Waingereza wenyewe huuita mfuko wa kubebea manunuzi shopper. Kumbe siku ile mimi ndiye niliyekuwa na nusu ya somo.)

Nikamtilia vitu vyake vyote, unga chini, vitunguu juu, tukaagana vizuri. Hajafika hata barabarani mfuko ukapasuka. Vitunguu vikabingiria hadi chini ya magari, dada wa Kifilipino akawa wa kwanza kuinama kuviokota. Mzee akarudi, unga kifuani kama mtoto mchanga.

"Bhai," akasema, "do shapar."

Nikachomoa miwili, nikauvalisha mmoja ndani ya mwingine.