Unazisikiliza au unazipanga?

Mahari ya mdogo wangu imepokelewa Jumamosi, wageni wa Bukoba wamerudi salama, picha mlishaziona kwenye status. Mi kilichonikaa rohoni ni sentensi moja ya Ba'mkubwa.

Ilikuwa hivi. Yule binamu wa Nyakato kanunua pleya ya santuri, akaniuliza mbele za watu aanze na albamu zipi za soul na fanki. Si mnanijua, hapo ni kunipa maiki. Nikamwambia aanze na Super Fly ya Curtis Mayfield, ya 1972, maana ni nyimbo za filamu, na filamu yenyewe inamfanya muuza unga aonekane mjanja lakini Curtis kwenye nyimbo anamsuta mwanzo mwisho. Nikamwambia akikuta Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ile ya 1976, asitoe hela kabla hajachungulia ndani ya kava, kwa sababu ni sahani mbili kubwa pamoja na kasahani kadogo ka nyimbo nne na kijitabu, na mara nyingi kasahani kalishapotea zamani ila bei iko palepale. Nikawa ndo naingia kwa Sly Stone, Ba'mkubwa akaweka chini bakuli la mchuzi, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hizo sahani unazisikiliza au unazipanga?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mama.

Na mimi nikasema, "Vyote, Ba'mkubwa." Vyote! Jibu gani hilo.

Tangu siku hiyo namjibu kichwani. Kwenye daladala ya Buhongwa nimemjibu mpaka nikapitiliza kituo. Nimemwambia Bill Withers kwenye Ain't No Sunshine anarudia "I know" mara 26, nimezihesabu kwa vidole, na pale kwenye kava la Just As I Am alivyosimama na kibebeo chake cha chakula sio pozi, kapigwa picha kiwandani alikokuwa anafanya kazi, muda wa chakula. Nimemwambia There's a Riot Goin' On ya 1971 inasikika kama imefunikwa blanketi sio kwamba sahani imechoka, ni Sly alirekodi juu ya tepu ileile tena na tena mpaka sauti ikafifia, kwa hiyo muuzaji akikupunguzia bei eti imechakaa, wewe lipa uondoke haraka. Mpangaji wa sahani atayajua hayo?

Na kupanga kwenyewe kuna sababu. Huku Igogo, Mwanza, unyevu wa ziwa unaingia mpaka kabatini, kava zinashika ukungu usipoziangalia, na ukizilaza sahani moja juu ya nyingine zinapinda, lazima zisimame wima. Sasa hilo nalo kosa?

Kinachouma ni kwamba kasema yeye. Angekuwa mjomba ningemwacha. Ba'mkubwa alikuwa kijana Dar mwaka 1969 walipopiga marufuku soul kwenye madansi, tumekua tukisimuliwa hiyo habari na ile suruali yake ya bugaluu. Mimi ugonjwa huu nimeupata kwake!

Basi juzi mlango unagongwa, naona bakora kwanza, kisha yeye, na dagaa kwenye mfuko. Hata maji hajanywa. "Iko wapi ile ya kipara?"

Hot Buttered Soul, Isaac Hayes, 1969. Kava lote ni utosi wa Hayes unang'aa. Nyimbo nne tu sahani nzima. Nikaweka upande wa pili, ukafika ule wimbo wa Phoenix, wa jamaa anayemwacha mwanamke wake na kuondoka, dakika 18 na ushee, kinanda kimeshikilia palepale na Hayes anaongea weee kabla hajaimba. Mke wangu akapita akauliza huyu mhubiri ataimba saa ngapi. Ba'mkubwa akainua kidole, "Subiri mama, bado hajafunga mizigo."

Kofia hakuvua. Ilipoisha akasema neno moja, "Geuza." Nikageuza. Nilijisikia vizuri kijinga, yaani kama nimepandishwa cheo. (Cheo chenyewe kazini kimeenda kwa yule wa Geita, tuyaache.)

Swali la Jumamosi hakuligusa, na mi nikanyamaza. Ila wakati anatoka akapitisha kidole kwenye migongo ya kava, akaguna, "Sly huyu, James Brown kule. Nani kakufundisha kupanga hivi?"

Jamani.

Halafu mvua hizi. Lile jiwe kubwa la nyuma ya jiko, udongo wa chini yake unaliwa, jana nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mwenye nyumba anasema liko pale tangu Mjerumani. Najua liko pale, mi naulizia udongo. Na chumba cha watoto ndo kiko upande huo. Leo wanalala sebuleni, kesho asubuhi nampigia tena, asipopokea naenda kwa mjumbe.