AeroPress: chagua kichujio kwanza, ndipo usage kahawa

Malalamiko ya wenye AeroPress, lile bomba la kutengenezea kahawa kwa kusukuma pistoni, hapa Bukavu ni yaleyale: kahawa ina tope chini ya kikombe, au pistoni imegoma kushuka. Kahawa inasingiziwa, kinu nacho kinasingiziwa. Ukichunguza unakuta mtu ametoa karatasi akaweka kichujio cha chuma, au kinyume chake, lakini anasaga na kusukuma vilevile kama jana.

Tuanze na karatasi. Inazuia vumbi la kahawa na sehemu kubwa ya mafuta yake. Ndiyo maana kikombe kinatoka kisafi na chepesi, na ile ladha ya matunda iliyomo kwenye arabika za Kivu inasikika vizuri. Mafuta hayo yanabeba pia kafestoli na kaweoli, vitu vinavyopandisha kolesteroli, kwa hiyo mwenye shida hiyo abaki na karatasi bila kujadiliana na mtu. Saga laini, chembe ziwe kama chumvi ya mezani. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 200 za maji zinatosha kikombe kimoja.

Lowanisha karatasi kabla ya kufunga kofia, kile kifuniko cha matundu kinachoshika kichujio. Watu husema ni kuondoa ladha ya karatasi. Kwa kakaratasi kadogo hivi, faida hiyo ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba karatasi iliyolowa inagandamana na kofia. Ikiwa kavu huweza kujikunja ukingoni unapofunga, na machicha yatapita hapo kwenye mkunjo. Ukiona tope kikombeni na ulitumia karatasi, angalia ukingo kabla hujagusa kinu.

Karatasi zenyewe si kila duka linazo. Nunua zile kubwa za koni, weka kofia juu yake, zungusha penseli, kisha kata kwa mkasi ndani kidogo ya mstari. Upana unaotakiwa ni milimita 64 hivi. Karatasi ya chooni na leso za mezani achana nazo, zinachanika zikilowa. Karatasi nzuri ukiisuuza mara moja na kuianika inafanya kazi tena mara kadhaa, mpaka uone inachelewesha maji au inaanza kuwa na harufu.

Kichujio cha chuma ni habari nyingine. Kinapitisha mafuta na vumbi, kahawa inakuwa nzito mdomoni, na wanaokunywa na maziwa wengi wanaipenda hivyo. Lakini ukisaga laini kama wa karatasi, vumbi lote litateremka kikombeni na kuendelea kutoa uchungu humohumo. Ongeza ukubwa wa chembe hatua mbili au tatu kwenye kinu. Sukuma polepole zaidi, kisha acha kikombe kitulie dakika mbili na usimalizie tone la mwisho. Tena chuma hakizuii maji kama karatasi: ukimimina tu, kahawa inaanza kudondoka kabla haijaiva. Dawa ni kuingiza pistoni juu kidogo mara baada ya kukoroga, halafu kuivuta juu kidogo sana. Hewa inashikilia maji na mdondoko unakoma.

Wapo wanaopindua chombo kichwa chini kwa sababu hiyohiyo. Inafanya kazi, lakini raba ya ncha ya pistoni ikiwa imechakaa, pistoni inaweza kuchomoka na maji ya moto yakamwagikia mkono. Mimi naona hewa inatosha, ya nini kujiunguza?

Kuhusu moto wa maji: Bukavu na Goma ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Kahawa iliyokaangwa kidogo imiminie maji moja kwa moja kutoka kwenye birika. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi inataka maji ya chini zaidi; Alan Adler, Mmarekani aliyebuni chombo hiki na kukitoa mwaka 2005, alishauri nyuzi 80. Kwa kahawa iliyokaangwa hivyo alikuwa sahihi.

Sasa mkono. Koroga sekunde 10, ngoja mpaka itimie dakika moja na nusu, kisha sukuma kwa sekunde 30 hivi. Kikombe kiwe kigumu. Bilauri nyembamba inaweza kupasuka. Uzito wa mkono tu unatosha. Ukijikuta umeegemea kwa mwili mzima, umesaga laini mno: vuta pistoni juu kidogo, pumzisha, endelea taratibu, na kesho ongeza ukubwa wa chembe kwenye kinu. Kulazimisha kunafanya maji yatafute upenyo mmoja ndani ya machicha, upande mmoja ukamulike kupita kiasi na mwingine ubaki bila kuguswa. Ndipo kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Ukisikia "ssss", acha. Maji yamekwisha na sasa unasukuma hewa.

Karatasi mbili kwa pamoja? Zinasafisha zaidi na kuongeza ukinzani. Ongeza ukubwa wa chembe hatua moja, basi.

Kitambaa cha pamba kiko katikati: vumbi kinalizuia, mafuta mengine kinayapitisha. Kikombe chake ni kitamu, ila usafi wake unachosha. Sabuni hapana, harufu inabaki; kichemshe. Kukitunza ndani ya maji kwenye friji ni sawa kama umeme haukatiki, vinginevyo kianike juani kikauke kabisa. Cha chuma kichemshe na magadi kidogo kila wiki, maana mafuta yaliyooza kwenye matundu yanaharibu kahawa yoyote utakayoweka. Raba nayo usiiache imebanwa ndani ya bomba. Sukuma pistoni mpaka itokeze upande wa pili.

Kuna kasoro moja ambayo kichujio chochote hakiiondoi: ladha ya kiazi kibichi, inayojulikana sana kwenye kahawa za Maziwa Makuu. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Saga kikombe kimoja kimoja, usisage kilo yote, na unuse unga kabla ya kumwagia maji. Ukinukia kiazi, tupa, saga punje chache nzuri kusafisha kinu, kisha pima upya gramu zako 15.