Arafa ya Mvua

Mwaka 2019 kisimamo cha Arafa, siku iliyo kubwa kuliko zote katika Hija, kiliangukia Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Tulitoka Mina baada ya jua kuchomoza, mimi, mume wangu na Mama, kwenye basi lililojaa mahujaji wenzetu wa Unguja na Pemba. Mwaka ule tulikuwa karibu milioni 2.5, na asubuhi ile sote tulikuwa na safari moja. Wanaume wa mbele wakianza talbiya, ule wito wa mahujaji wa “Labbaika”, sisi wa nyuma tunaipokea, na kabla haijamalizika basi la ubavuni limeshaanza ya kwao. Wanawake wengi waliokuwa karibu nami walikuwa wakilia. Mama hakulia. Alikaa dirishani ameikumbatia pochi yake, na ndani ya pochi mlikuwa na daftari.

Kwetu Wete, Pemba, ikishajulikana kwamba fulani anakwenda Hija, mlango wake haufungwi tena. Watu wanakuja kumuaga, na kila ajaye anaacha haja yake: niombee nipate mtoto, niombee mume wangu anaumwa, mwanangu ana mtihani wa kidato cha nne, deni limenielemea, usinisahau Arafa. Mama hakupelekwa skuli, alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee wetu. Kila haja aliiandika mwenyewe kwa penseli, jina la mtu na shida yake, mpaka daftari likakaribia kujaa.

Anayekwenda Hija naye hutoka kuwaendea watu. Anaomba radhi, analipa madeni, anarudisha amana, anaandika wasia. Mimi naiona sehemu hii ya Hija kuwa nzito kuliko zote, nzito kuliko nauli na kuliko joto la Makka. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia kwamba mwenye kuhiji bila ya maneno machafu wala uovu hurudi kama siku aliyozaliwa na mamake. Lakini masheikh wetu hawachoki kutukumbusha kwamba haki ya mja mwenzio ina mwenyewe, na itabaki shingoni mwako mpaka akusamehe au umrudishie. Mama alizunguka Wete nyumba kwa nyumba, akafika mpaka Micheweni kwa ndugu za babake. Nilimsindikiza kote isipokuwa nyumba moja. Kwa Bi Mdogo alikwenda peke yake baada ya Magharibi, na aliporudi hakuwa na neno.

Bi Mdogo ni mke mwenziwe Mama. Baba alipofariki, wake wawili walirithi thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane, wakagawana nusu kwa nusu, kama sharia inavyosema, na sisi watoto tukapata kilichobaki. Hapo hapakuwa na ugomvi. Maneno yalikuja kwa sababu ya mikarafuu michache ya bondeni, nyuma ya nyumba yetu. Mama alisema Baba alimpa akiwa hai. Bi Mdogo akasema Baba alimruhusu kuchuma tu, miti hakumpa. Shahidi hakuwapo. Wazee wakaogopa fitina, wakaiacha mikononi mwa Mama, na tangu hapo wake wale wakawa wanapishana njiani bila ya salamu. Kwetu mkarafuu ndio ada za skuli, ndio mabati ya nyumba, ndio mahari ya kijana. Kwa Mama ulikuwa ndio nauli ya Hija: karafuu alizochuma, akazichambua makonyo, akaanika, akaziuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, msimu baada ya msimu.

Arafa ni uwanda uliozungukwa na vilima, kama kilomita 20 kutoka Makka. Mipaka yake imewekewa mabango makubwa ya manjano, kwani atakayekaa nje ya mipaka ile siku hiyo hana Hija. Hema letu la wanawake lilitandikwa mazulia, na mashine za kupooza hewa zilikuwa zikivuma huku joto likizishinda. Jabal Rahma, kile kilima cha Arafa, tuliiona kwa mbali, watu wameifunika mpaka juu. Mama hakutaka kwenda kusukumana huko. Maalim wa kundi letu alishatwambia kwamba Mtume alisema Arafa yote ni mahali pa kusimama.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa adhana moja na ikama mbili. Kisha Maalim akasimama penye pazia lililotutenga na wanaume akazungumza kidogo. Alitukumbusha kwamba ni hapa Arafa, mwaka wa 10 Hijria, Mtume alipowaambia watu kwamba damu zao na mali zao ni haramu baina yao, kama ulivyo uharamu wa siku ile, katika mwezi ule, katika mji ule. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vimetulia juu ya tasbihi.

Mchana ukiwa umekwenda, upepo ukaja na vumbi. Turubai za hema zikaanza kupiga, taa zikayumba. Wingu likafunga juu ya vilima, radi ikalia, na mvua ikamwagika kubwa.

Mtu wa karafuu hapendi wingu. Ukiwa umeanika na mbingu ikakunja uso, nyumba nzima inakimbilia majamvi, maana karafuu iliyorowa haina bei. Matone ya kwanza yalipogonga turubai nilimwona Mama anainuka mbio, kwa mazoea ya umri mzima, mtandio ameshauweka sawa. Halafu akasimama katikati ya hema.

“Leo sina nilichoanika,” akasema, akatoka nje.

Nilimfuata na mwavuli. Nje, wanaume walikuwa wamesimama vichwa wazi, ihramu zimewagandama, mikono juu. Bibi mmoja wa Nigeria kutoka hema la jirani alikuwa amepiga magoti penye maji, hasemi ila “Ya Rabbi, Ya Rabbi.” Mchanga wa Arafa ulikuwa unanywa maji na kuyatema, vijito vya rangi ya udongo vikapita baina ya miguu yetu. Maalim alipita mbele ya mahema ndevu zinachuruzika, akipaza sauti: “Ombeni! Saa ya Arafa na saa ya mvua, milango iko wazi!” Akatuambia pia kwamba Mtume ilipomnyeshea alikuwa akifunua nguo yake kidogo mvua imguse, akisema imetoka kwa Mola wake sasa hivi.

“Toa daftari,” Mama akaniambia. “Miwani yangu imejaa maji. Wewe soma, mimi niombe.”

Tukasogea penye ukingo wa hema. Mwavuli niliufunika juu ya daftari, sisi wawili tukarowa. Nikawa nasoma jina na haja, Mama anaomba, nangoja mpaka aseme amin ndipo nisome jina jingine. Hakuomba kwa Kiarabu. Dua za Kiarabu alizozihifadhi alikuwa ameshazisoma tangu asubuhi. Za watu wake aliziomba kwa Kiswahili cha Wete, kwa kina, na kila mtu alimwongezea jambo ambalo mwenyewe hakuliandikisha. Mwalimu aliyetaka uhamisho arudi Pemba amuuguze mamake, Mama alimwombea na mchumba. Mvuvi wa bandarini ambaye mashine ya boti imemfia aliombewa mashine, kisha akaombewa aache kumpiga mkewe. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, Arafa, mwezi wa Agosti, na sikutaka tufike mwisho.

Tukafika kwenye ukurasa wenye jina moja tu. Hapakuwa na haja pembeni yake. Nikanyamaza.

“Mbona husomi?”

“Mama, hapa pana jina tupu.”

“Lisome hilo jina.”

Nikalisoma, jina la Bi Mdogo na la babake. Mama akainua mikono, mikono ya nguo ikateremka kidogo, nikaviona vifundo vyake vitupu. Bangili zake za dhahabu, ambazo tangu utotoni mwangu nilizisikia zikilia jikoni kabla sijamwona mwenyewe, hakuwa nazo. Tulipokuwa Madina nilikuwa nimemuuliza, akanijibu kwamba safari hii si ya mapambo.

Alimwombea Bi Mdogo goti lake la kulia. Alimwombea mwanawe aliyeko Muscat ambaye muda mrefu hajaleta habari. Alimwombea bati la jikoni linalovuja. Sikuwa najua kwamba Mama anayajua yote hayo. Nyumbani kwetu jina lile lilikuwa halitajwi. Kisha akasema: “Mlete hapa, Ya Rabbi. Mlete miguu yake ingali mizima. Na mimi niondolee nilichonacho moyoni juu yake.” Sentensi hiyo ya mwisho aliirudia na kuirudia, sauti ikamkatika, na hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu tuvae ihramu.

Mvua ilipopungua watu hawakurudi ndani. Tulibaki nje mpaka jua likatua karibu na saa moja, ndipo misafara ikaanza kuelekea Muzdalifa. Basi lilijikokota kwa saa nyingi kwa masafa mafupi. Muzdalifa hakuna hema wala kuta, unatandika mkeka wako chini ya mbingu. Tukaswali Magharibi na Isha pamoja, kisha tukaanza kuokota mawe ya kupiga Jamara, zile nguzo za Mina. Kila jiwe kama punje ya mbaazi. Mama yaliyozidi hapo aliyatupa. Ardhi ilikuwa bado na umajimaji, akawa anayafuta moja moja kwa upindo wa kanga kabla ya kuyatia kwenye kifuko.

Nikamuuliza alichoambiwa na Bi Mdogo jioni ile aliyokwenda kumwomba radhi.

“Alinipokea vizuri,” akasema. “Akanitilia chai. Nikamwambia, nisamehe, nakwenda Makka. Akaniambia: Bi Mkubwa, mimi nimekusamehe. Lakini nikuulize. Umekuja kwa kuwa unakwenda Makka, au kwa kuwa unajua ile mikarafuu ya bondeni si yako?”

“Ukamjibu nini?”

“Nikanywa chai yangu nikaondoka.”

Akaokota mawe mengine mawili kabla ya kuendelea. Akanieleza kwamba usiku ule hakulala. Alikaa akakumbuka msimu mmoja mmoja, pishi ngapi alichuma bondeni, bei ilikuwa ngapi. Asubuhi akampa kaka yangu bangili akaziuze mjini, na fedha zake akazifunga kitambaani, akaziweka amana kwa kaka huyohuyo, na wasia: Mama akifa Makka, fedha ni za Bi Mdogo na watoto wake. Hakutaka hata shilingi ya miti ile iwe ndani ya nauli yake.

“Kwa nini hukumpa mkononi kabla ya kuondoka?”

“Nilikuwa na hasira naye,” Mama akasema. “Ningempa kwa kumtupia. Nikajiambia, nikaiombee kwanza hii hasira, nikirudi nimpe kama mtu anavyompa mwenziwe.”

Alfajiri tuliswali hapohapo, tukashika njia ya Mina na Jamarat Aqaba. Yaliyofuata, kupiga mawe, kuchinja, kupunguza nywele, tawafu ya Ifadha, niliyafanya yote huku maneno yale ya Muzdalifa hayanitoki.

Tuliporudi Wete, Mama alimpelekea Bi Mdogo maji ya Zamzam na kile kitambaa. Safari hii alinichukua. Bi Mdogo alizihesabu fedha mbele yetu, noti kwa noti, na Mama ndiye aliyetaka zihesabiwe. Mikarafuu ya bondeni ikaingizwa upya kwenye mirathi, na sisi watoto wa Mama tukasamehe mafungu yetu.

Bi Mdogo alisema fedha zile, na za mavuno yatakayofuata, ni nauli. Mwaka 2020 Hija ikafungwa kwa watu wa nje ya Saudi Arabia kwa ajili ya korona, na 2021 ikawa hivyohivyo, mahujaji 60,000 wa ndani tu. Mwaka 2022 wageni wakaruhusiwa, lakini walio chini ya miaka 65, na yeye alishapita. Umri ulipofunguliwa mwaka 2023 akaandikishwa. Kisimamo chake kilikuwa Jumanne, tarehe 27 Juni, jua kali, hakuna hata wingu. Alipopiga simu kutoka Mina aliniuliza hali kwa haraka, akaniambia nimpe Bi Mkubwa, na wakazungumza mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.