Nilienda Dodoma kuona stesheni ya zamani

Basi juzi kati nikapanda treni mpya ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja tu nikaimaliza Ijumaa mchana, Jumamosi nikasema leo sirudi bila kuiona ile stesheni ya zamani maana kila nikija huku naipita tu nikiwa kwenye gari la watu. Nililala Area D (haya majina ya Area A, Area C, Area D yananichekesha, ukiyasikia tu unajua mji ulichorwa mezani na watu wenye rula). Nikasimamisha boda, nipeleke stesheni.

"SGR?"

Hapana, ya zamani.

"Aah, unaenda Kigoma?"

Nikamwambia siendi popote kaka, nataka kuiangalia tu. Dogo kanyamaza njia nzima, nadhani alishajua amebeba mtu wa aina gani.

Sasa wanaosema Dodoma ni mji wa kupangwa hawajakosea, TANU iliamua 1973 makao makuu yatoke Dar yaje huku, CDA, mamlaka ya kuujenga mji wenyewe, ikaundwa mwaka huohuo, na 1976 ramani kubwa ikatoka, imechorwa na kampuni ya Canada, na wazo lao lilikuwa mji wa watu kutembea kwa miguu na baiskeli na basi, sio mji wa magari. Wazo zuri, ila aliyelitoa sidhani kama alitembea na jua la huku la saa saba mchana. Lakini ukifika mjini kati, pale Jamatini na Nyerere Square, unaona kabisa kuna kitu kilitangulia kabla ya rula. Ni reli. Mjerumani alianza kuijenga Dar 1905, 1910 ikawa imefika Dodoma, 1914 ikagusa Kigoma, na mji ukaota pembeni yake kama majani yanavyoota kwenye bomba linalovuja.

Jengo lenyewe sitawadanganya, ukitegemea maajabu utarudi umenuna. Ila kaa pale kidogo. Ng'ambo ya barabara kuna Dodoma Hotel, nayo ni ya tangu enzi za Mjerumani, mtu alikuwa anashuka kwenye treni anavuka tu anaenda kulala. Nikaangalia reli, jamani ni nyembamba! Mita 1 tu, wakati ya SGR ni mita 1 na sentimita 43 na kitu, nikaruka hatua moja nimevuka. Na kwenye kareli haka ndio ilipita nusu ya nchi, na mwezi wa saba 1916 Mwingereza alipouteka huu mji alichokuwa anakitaka hasa ni reli hiihii.

Pembeni kulikuwa na mzee amekaa kivulini na karanga zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba halafu akanitupia "Mbukwenyi!" (salamu ya Wagogo, wenyeji wa huku) nikabaki nacheka sijui nijibu nini, ndio akajua mimi wa kuja. Akanipa ile stori ya tembo, kwamba alikuja kunywa maji akazama kwenye tope, Wagogo wakasema idodomya, amezama, basi jina la Dodoma likabaki. Nilikuwa naijua ila kwa mdomo wake ilikuwa tamu zaidi maana tembo wake alikuwa anaongezeka ukubwa kila akimeza karanga. Nikamuuliza kuhusu makao makuu. Akasema, "Walituambia miaka kumi. Mimi nikakaa kusubiri." Kweli, mpango wa 1973 ulikuwa wa miaka 10, serikali ikaja kuanza kuhamia kwelikweli 2016, na hadhi ya jiji ikaja 2018. Mzee ndevu zote nyeupe.

Nikatoka hapo nikaenda kwa mguu mpaka Nyerere Square (ramani ya 1976 oyee), kuna sanamu ya Mwalimu, wapiga picha wanakufuata mpaka unakubali, nikapiga moja nimefumba macho nikalipa hivyohivyo. Nikanunua zabibu kilo 2, nikaziweka chini ya laptop kwenye begi kama mtu asiye na akili, na mpaka leo chaja inanata.