Siku moja kwenye karakana ya kayaki, Mtwapa

Saa 11 alfajiri. Nafungua karakana kukiwa bado giza, na sababu ni epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa gundi kubaki majimaji hupungua karibu nusu. Ikifika saa 4, chini ya mabati yetu hapafai tena kwa kazi hiyo. Leo tunalaza sitaha ya kayaki ya bahari, chombo chembamba cha kupiga kasia, yenye urefu wa mita 5. Kalibu ilishapakwa nta na kung'arishwa jana.

Saa 12 asubuhi. Mimi napima kwa mizani, mwanagenzi wangu anakoroga. Hadina, yaani sehemu ya pili inayoikomaza epoksi, haikisiwi kwa jicho. Ikizidi au ikipungua, gundi haikomai ipasavyo na hakuna dawa ya kuirekebisha. Ikishakorogwa inamwagwa papo hapo kwenye sinia pana, maana ikirundikana kikombeni hujipasha moto yenyewe mpaka itoe moshi. Tunalaza tabaka tatu za kitambaa cha faiba, kila moja gramu 200 kwa mita mraba, tukisukuma rola kutoka katikati kwenda kandoni.

Saa 2. Juu ya kitambaa kilicholowa tunatandaza kitambaa cha kubandulia, kisha cha kunyonya gundi iliyozidi, kisha nailoni tunayoiziba kingo zote. Pampu inavuta hewa na nailoni inabana. Mwanagenzi anatega sikio pembeni kusaka mahali panapopiga mluzi. Faiba ikilazwa kwa mkono pekee, gundi hukaribia uzito wa kitambaa chenyewe: gramu 600 za gundi juu ya 600 za kitambaa kwa kila mita mraba. Kwa pampu hushuka hadi kama 400. Ndipo tunapokunywa chai kwa mahamri na mbaazi.

Saa 4. Mteja anapiga simu.
"Fundi, mie nataka kaboni. Nasikia ndiyo nyepesi."
"Ni kweli, kaka. Lakini tuanze na rangi."

Hili nalieleza kila mara, na sitachoka. Kaboni ni nyepesi kuliko faiba yetu ya kioo na ni kakamavu zaidi, ila ikigonga matumbawe huvunjika ghafla, na ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa. Kwa upande mwingine, gelkoti, ganda la nje lenye rangi na mng'aro, ya unene wa nusu milimita ina uzito wa takriban gramu 600 kwa kila mita mraba. Kayaki ya mita mraba 6 inabeba zaidi ya kilo 3 za mng'aro mtupu! Mtu analipia kitambaa cha bei ghali, kisha anaufunika wepesi wake kwa gelkoti. Sisi tunapaka rangi ya poliyurethani juu ya epoksi, na haifiki hata kilo moja.

Tumekubaliana: faiba, na ukanda wa kevlar ndani ya mkuku. Nyuzi hizo, alizozigundua Stephanie Kwolek huko DuPont mwaka 1965, hustahimili sana kuvutwa, na chombo kikigongwa kwa nje ni upande wa ndani unaovutika. Zikiwekwa nje, msasa na mchanga huzifanya zitoke manyoya.

Saa 7 mchana. Wali, samaki, swala, na kivuli kidogo.

Saa 8. Kayaki nyingine, iliyokwisha kuungwa, inasubiri rangi. Kwanza naiosha kwa maji safi na kuisugua, kwa sababu hewa yetu yenye unyevu huiachia epoksi utando unaoteleza kama mafuta. Ukipiga msasa bila kuosha, unaueneza tu, na rangi haitashika. Kisha ni msasa wa maji, barakoa na mikono mirefu.

Saa 9 alasiri. Tunapaka nyeupe, tabaka jembamba, rola ikitangulia na brashi ikifuata. Mwanagenzi angependa nyeusi. Namwambia aweke kiganja kwenye boneti nyeusi ya gari lililopigwa jua: epoksi iliyokomaa bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na sitaha nyeusi iliyoachwa ufukweni hufika huko. Tunaacha mapema, kabla unyevu wa jioni haujafifiza mng'aro.

Saa 12 jioni. Sitaha imeshikana lakini pampu nitaizima baadaye usiku. Kesho tutaibandua, tutaipima, kisha tuiunge na tumbo kwa mikanda ya faiba upande wa ndani. Lengo letu ni kilo 20, viti na vifuniko vikiwa ndani ya hesabu.