Weusi wa Kerry James Marshall na picha zetu za harusi

Kuna mchoraji nimekuwa namfuatilia kwenye simu, anaitwa Kerry James Marshall, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1955 Birmingham, Alabama, sa hivi anaishi Chicago. Huyu bwana anachora watu weusi, na anawachora weusi tii, sio maji ya kunde wala kahawia kidogo ili mtu asishtuke.

Kuna kapicha kake kadogo ka 1980, rangi yake imechanganywa na kiini cha yai. Mtu mweusi, nguo nyeusi, nyuma yake giza, ukipita haraka unaona macho, meno yenye pengo na shati jeupe basi, ila ukitulia uso mzima unaanza kutoka, na hapo ndo unaelewa anaongelea mtu mweusi wa kule anavyoweza kusimama mbele za watu na wasimwone.

Halafu weusi wake sio wa kopo moja. Ana nyeusi ya mkaa, ya mifupa iliyochomwa na ya chuma, anaziongezea bluu, kijani au zambarau, kwa hiyo kila uso una weusi wake. Sisi wa Mtwara hili hatuhitaji kuelezwa sana, mpingo uko hivyohivyo, fundi akishachonga ile sehemu nyeupe ya nje na kupiga msasa, ndani ya weusi unaona uzambarau na ukahawia. Tena wapo wanaopaka mti mwingine kiwi ili uuzwe kama mpingo! Yani weusi ndo bei yenyewe.

Sasa mbona kwenye sura zetu tunafanya kinyume? Ingia studio za picha mjini, bibi harusi mweusi mzuri, rangi ya Newala kabisa, picha ikitoka kang'arishwa mpaka shangazi zake wanauliza huyu nani. Ukilalamika unaambiwa wateja ndo wanataka. Inaniuma kwa kweli, maana mtoto atakuja kuangalia albamu ya mama yake na atajifunza kitu pale, kabla hata hajaujua mkorogo.

Marshall 1993 alichora kinyozi na wateja wake, picha kubwa kama zile za wafalme wa Ulaya, na makumbusho ya Los Angeles ikainunua. Nyingine ya 1997, watu weusi wanapumzika tu bustanini kando ya maji, ilinunuliwa dola 25,000, na 2018 ikauzwa mnadani dola milioni 21.1. Hakuna hata mmoja aliyepunguzwa weusi humo.

Mwenye studio Mtwara au Lindi anayejua kupiga ngozi nyeusi ikabaki nyeusi aniandikie hapo chini, mdogo wangu anaolewa msimu wa korosho ukiisha, na pesa ya picha tumeshaitenga.