Nondo 57 zilizopotea, na kwa nini sikumuuzia jamaa sistimu

Juzi usiku kuna jamaa kanipigia, ana hadiwea yake Tegeta, anataka nimtafutie sistimu ya uhasibu. Nikamuuliza unataka ikufanyie nini, akajibu "aaah, mwisho wa mwaka hesabu zikae vizuri tu, nisihangaike." Hapo nikajua tutaongea mpaka salio liishe, na kweli liliisha, yeye ndo alikuwa amepiga.

Sasa nimeona niandike hapa, maana hii kauli ya "mwisho wa mwaka" naisikia sana. Mtu anaona mhasibu na kompyuta yake ni kama fundi wa kushona suti ya harusi, anahitajika siku moja. Wakati mi nilichojifunza kwa kuumia ni kwamba hesabu za mwisho wa mwaka ni mabaki tu, kazi yenyewe ya sistimu iko getini mzigo unaposhuka, iko kaunta mteja anaposema "niandikie nitalipa Ijumaa", iko kwenye simu ya lipa namba saa moja usiku wakati mnafunga.

Niliingia kwenye hadiwea moja Buguruni, jumla na rejareja, kama mhasibu wa kuja mara mbili kwa wiki. Mzee mwenye duka alikuwa na kaunta buku tatu za kwaya nne, moja mauzo, moja manunuzi, moja madeni. Na nisimdharau mzee wa watu, ile ilikuwa sistimu. Anajua kila kitu, ukimuuliza bati geji 30 zimebaki ngapi anatazama juu kidogo anakutajia, na anapatia. Shida ni kwamba nusu ya sistimu ilikuwa kwenye kaunta buku na nusu kichwani kwake. Kuna Desemba alienda kwao wiki mbili, sisi tukabaki na buku la madeni tunasoma "Fundi wa ghorofa 2.4", "kofia nyekundu misumari", "yule wa Vingunguti bado". Bado nini sasa? Mbili nukta nne ni milioni au laki? Wakaja watu watatu wote mafundi wa ghorofa, kila mmoja anasema yeye hadaiwi.

Ila kilichonifungua macho kabisa ni nondo.

Nondo mzee alikuwa ananunua kwa tani, anauza kwa kipande. Kwenye buku la manunuzi unakuta "nondo 12 zimeingia tani 5" (hiyo 12 ni unene kwa milimita, siyo idadi), buku la mauzo "nondo 12 zimetoka 38, 20, 55". Utatoaje vipande kwenye tani? Hutoi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kutoa, miaka yote. Nikakaa na kalkuleta: nondo ya milimita 12 kwa kawaida mita moja ina uzito wa kama gramu 888, ya mita 12 ni kilo kumi na gramu mia sita na kitu, tani moja inakupa vipande kama 94 hivi. Tulikuwa tumelipia tani 15 kwa mizigo mitatu, ilitakiwa tuone vipande kama 1,407. Nikajumlisha zilizouzwa na zilizobaki stoo, nikapata 1,350. Pungufu 57, ni zaidi ya kilo mia sita za chuma, kitu ambacho hakibebwi kwenye kapu la mboga.

Mzee akakasirika, akataka kumfukuza stoo kipa siku hiyohiyo. Nikamwambia mzee subiri, unajuaje kama ziliibiwa hapa? Inawezekana hazijawahi kufika. Akanyamaza. Maana hakuna mtu aliyekuwa anahesabu getini, gari likija kuli wanashusha, dereva anasainiwa karatasi yake, anaondoka, na ile saini ndo ushahidi kwamba tumepokea kilichoandikwa. Kwa hiyo zile 57 mpaka leo hazina mwenyewe, stoo kipa huenda alionewa kutazamwa vibaya mwezi mzima, huenda hakuonewa.

Tulichofanya hakikuhitaji hata kompyuta mwanzoni. Karatasi tatu. Ya kwanza ni oda, mzee anaandika anataka nini, kiasi gani, bei gani. Ya pili ni ya kupokelea mzigo, anaandika stoo kipa baada ya kuhesabu, na hapa kuna ujanja mmoja naupenda sana: nakala ya oda inayoenda stoo haina idadi. Ina jina la bidhaa tu. Ukimpa mtu idadi ataangalia rundo ataona "eeh kama 470 hivi" atasaini, ukimnyima idadi lazima ahesabu. Ya tatu ni ankara ya muuzaji. Zikikubaliana zote tatu, pesa inatoka. Zisipokubaliana pesa inakaa palepale hata dereva apige simu kwa nani. Mzigo wa kwanza baada ya utaratibu huu ulikuja na nondo tisa pungufu, dereva akapiga simu pembeni, kesho yake asubuhi zikaletwa tisa kwenye kirikuu, bila maswali wala maelezo. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Ndo baada ya hapo tukanunua programu, tukaweka Tally, ambayo ina kitu cha kuweka vipimo viwili kwenye bidhaa moja, unapokea kwa tani unauza kwa kipande na yenyewe inabadilisha. Misumari hivyohivyo, inaingia kwa mfuko inatoka kwa kilo, waya unaingia kwa roli unatoka kwa mita. Mtu aliyesomea uhasibu chuoni hafundishwi sana haya, anafundishwa debiti na krediti, lakini hadiwea ukikosea kipimo debiti na krediti zako zitabalansi vizuri kabisa na bado unaibiwa.

Upande wa mauzo hadithi ni ya mali kauli. Nani Dar anauza vifaa vya ujenzi bila mali kauli? Hakuna. Mafundi wanachukua, tajiri wao akilipa nao wanalipa. Mzee alikuwa anakopesha kwa sura. Kwenye sistimu tukampa kila mteja kikomo chake, dada wa kaunta akiandika ankara ikizidi kikomo inagoma, inabidi mzee mwenyewe aruhusu. Wiki ya kwanza ilikuwa vita, wateja wa miaka kumi wanasema mnatudharau na kompyuta yenu. Lakini dada wa kaunta ndo aliyefaidika zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu zamani akikataa ni yeye mbaya, sasa anageuza tu skrini, "kaka ona mwenyewe, imegoma". Hii faida sijawahi kuiona imeandikwa popote.

Pesa nazo. Jioni tunafunga na vitu vinne mezani: keshi, meseji za lipa namba, slipu za benki, na Z ripoti, yaani jumla ya mauzo ya siku, ya mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA. Ukiongeza mauzo ya kwenye programu ni namba tano ambazo zilitakiwa ziongee lugha moja na mwanzoni hazikuwa zinaongea kabisa, maana mashine ilikuwa peke yake na kompyuta peke yake, dada anaandika mara mbili, akichoka anaandika mara moja. Tulipounganisha risiti zitoke moja kwa moja kwenye programu, ule mchezo ukaisha. Na tukagundua kijana aliyetangulia kutunza hesabu alikuwa anatafuta VAT kwa kuchukua asilimia 18 ya pesa yote iliyoingia. Yaani mteja kalipa 118,000 ikiwa na VAT ndani, yeye anapiga 18 kwa mia anapata 21,240, wakati VAT yenyewe ni 18,000. Shilingi 3,240 kwenye kila 118,000, mwezi hadi mwezi, tunaibeba wenyewe. Ritani za VAT tulikuwa tunawahi kabla ya tarehe 20 kila mwezi, tena kwa kujisifu.

Mishahara sina mengi, watu tisa, Excel ilitosha.

Kuna kitu nilisoma zamani kikanifurahisha, kwamba kompyuta ya kwanza kabisa kufanya kazi za ofisi za kila siku za biashara ilikuwa ya kampuni ya chai na keki. J. Lyons, walikuwa na migahawa ya chai kibao Uingereza, wakaijenga wenyewe wakaiita LEO, na mwaka 1951 kazi ya kwanza waliyoipa ilikuwa hesabu za wiki za bekari, mikate na keki zilizotoka, gharama yake, thamani yake. Hawakuanza na mizania ya mwaka, walianza na keki. Nilimsimulia mzee akasema "hao walikuwa wafanyabiashara."

Sasa turudi kwa jamaa wa Tegeta. Nikamwambia kaka, naweza kukuuzia programu kesho na nitakula komisheni yangu vizuri, lakini kwanza niambie mzigo ukifika kwako nani anahesabu? Akasema yeye. Na nani anaagiza? Yeye. Nani analipa? Yeye. Ukiwa Kariakoo je? Kimya. Afu akasema "shemeji yangu huwa yupo." Nikamuuliza shemeji anaandika wapi, akasema anampigia simu.

Nikamwambia usinunue chochote. Jumapili funga duka, hesabu kitu kimoja tu, nondo za 12, zote, mwenyewe, usimpe shemeji idadi ya kwenye daftari. Hapo ndo salio likakata.

Leo mchana kanitumia picha ya karatasi imejaa vumbi la saruji. Daftari linasema 410, zilizopo 371. Chini kaandika kwa meseji, "naweza kuja hapo kwako lini, na nije peke yangu?"